Maswali Yenu: Ua Hunyauka, Rangi Ibaki

Toleo lililopita lilibeba makala fupi kuhusu wachoraji wa mimea wa zamani, na tangu hapo barua hazijakatika. Tumechagua saba.

Niliwapeleka wanafunzi wangu Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill. Nilipowaambia kwamba Joy Adamson alikuwa mchoraji wa maua, wakacheka. Wao wanamjua kwa Elsa tu, simba aliyemlea. Je, uchoraji ulikuwa kazi yake kweli, au ni burudani ya mke wa bwana nyama (afisa wa wanyamapori)?
*Mwalimu wa sanaa, Kasarani*

Mwalimu, maua yalimtangulia simba kwa miaka 18. Joy alizaliwa mwaka 1910 mjini Troppau, uliokuwa chini ya Austria-Hungaria na leo unaitwa Opava, nchini Cheki. Jina lake la kuzaliwa ni Friederike Victoria Gessner. Alisomea muziki na uchongaji Vienna, na mwaka 1937 akapanda meli kuja Kenya. Humo melini akakutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Walioana mwaka 1938, na Bally ndiye aliyembandika jina Joy.

Bally alikuwa mtaalamu wa mimea wa Makumbusho ya Coryndon, ambayo ndiyo Makumbusho ya Taifa ya leo. Kazi yake ilikuwa kukusanya mimea, kuikandamiza, kuikausha na kuipa majina. Mmea uliokaushwa vizuri hukaa mamia ya miaka ukiwa na umbo lake: hesabu ya petali, nywele za jani, mpangilio wa mishipa. Rangi ndiyo isiyokaa. Nyekundu huwa kahawia, bluu hufifia, na maua manono kama ya mishubiri hukauka yakawa kama uzi wa kamba. Picha za kamera za rangi enzi hizo zilikuwa adimu na rangi zake haziaminiki. Kwa hiyo mtu aliyeweza kukaa kando ya mmea mbichi, porini, na kuweka rangi yake sahihi karatasini, alikuwa anaokoa kitu ambacho sayansi ilikuwa ikikipoteza kila siku. Joy alianza kazi hiyo akiwa na Bally, tangu safari ya makumbusho ya kwenda vilima vya Chyulu mwaka 1938.

Akaendelea nayo miaka mingi. Picha zake zikaingia katika vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, na katika miaka ya 1940 chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza kikamtunuku medali ya dhahabu ya Grenfell. Alikuja kuwa mke wa bwana nyama mwaka 1944, alipoolewa na George Adamson. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ikamwajiri kuchora watu wa jamii za Kenya wakiwa katika mavazi yao ya asili. Tazama shanga na ngozi katika picha hizo na utauona mkono uleule uliozoea kuhesabu petali. Elsa alikuja mwaka 1956, na kitabu kuhusu simba huyo, kilichompa Joy umaarufu duniani, kilitoka mwaka 1960. Aliuawa Shaba, Januari 1980.

Waambie wanafunzi wako kwamba umaarufu wa simba ni halali yake. Lakini anayetaka kujua ua fulani la Kenya lilikuwa na rangi gani miaka 80 iliyopita hatamuuliza Elsa.

Nachora maua ya bustani ya jirani. Nikikaa chini saa tatu asubuhi, ikifika saa sita ua limelegea na rangi si ile tena. Picha ya simu hainisaidii, maana zambarau inatoka bluu. Nifanyeje ili niwe mwepesi zaidi?
*Mwanafunzi wa sanaa, Ngara*

Kosa liko kwenye mpangilio wa kazi. Mkono wako una kasi ya kutosha. Wengi huanza na penseli, wakapamba majani na shina, kisha wakafika kwenye petali ua likiwa limeshachoka. Geuza kabisa: kinachokufa kwanza kishughulikiwe kwanza. Anza na rangi ya petali, ufuate mkao wa ua, kisha vipimo, kisha majani. Shina ni la mwisho, linaweza kungoja hata siku tatu.

Kata kabla ya saa mbili asubuhi, umande ukiwa bado upo. Kata mshazari, ukiacha shina sentimita 2 zaidi ya unavyohitaji, halafu kata tena hizo sentimita 2 ncha ikiwa ndani ya maji. Kiputo cha hewa kikiingia kwenye mirija ya shina, maji hayapandi, na ndiyo sababu ua hulegea ingawa limesimama kwenye glasi iliyojaa. Mimea yenye utomvu mweupe, kama jamii ya Euphorbia, chovya ncha kwenye maji ya moto kwa nusu dakika ili utomvu uache kutoka, na usijiguse macho kabla hujanawa. Chukua maua matatu: moja la kuchora, moja la kupasua, moja la akiba.

Miongozo ya zamani husema uyabebe kwenye mfuko wa plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku hapa Agosti 2017, na kwa kazi hii hatukupoteza chochote. Mkebe wa chakula wenye kifuniko, ukatandikwa gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, hauzibani petali. Nyumbani uweke rafu ya chini ya friji, isipokuwa kwa okidi na maua mengi ya nyanda za joto: baridi ya chini ya nyuzi 10 huyatia madoa ya kahawia.

Sasa kaa, na kwa dakika 20 za kwanza usichore chochote. Chukua kipande cha karatasi ileile utakayotumia, changanya rangi, weka doa, lisubiri likauke kwa sababu rangi ya maji hupauka ikikauka, kisha lisogeze kando ya petali ulinganishe. Rekebisha hadi doa na petali vipatane. Fanya hivyo mahali pane: penye mwanga, kivulini, kooni mwa ua, na mgongoni mwa petali, ambako rangi mara nyingi ni tofauti kabisa. Andika mchanganyiko kando ya kila doa. Ukimaliza hapo, ua hata likifa umebaki na kilicho chake.

Njia hii ina babu yake. Ferdinand Bauer, mchoraji wa mimea Mwaustria, alisafiri Ugiriki na Asia Ndogo pamoja na John Sibthorp, mtaalamu wa mimea wa Oxford, mwaka 1786 na 1787. Shambani alichora kwa penseli tu, akiandika namba ndogondogo juu ya kila sehemu ya ua, kila namba ikisimamia rangi moja kwenye chati yake. Rangi zenyewe alizipaka baadaye, akiwa Oxford. Alipokwenda Australia na nahodha Matthew Flinders mwaka 1801, namba zake zilikuwa zimekaribia 1,000. Kuna michoro yake ambayo ukiitazama unaona penseli na tarakimu tu, na kutokana na tarakimu hizo petali zilipata rangi miaka mingi baada ya kunyauka.

Wewe huhitaji 1,000. Chukua rangi zako 6, zichanganye mbili mbili, utapata michanganyiko 15. Kila mmoja upake kwa viwango vitatu vya maji, uwe na visanduku 45 vyenye namba. Ni kazi ya jioni mbili, na chati hiyo itakutumikia mpaka ubadilishe rangi.

Baada ya rangi, mkao. Ua hutembea: hufunguka, huinamia mwanga, na ndani ya saa moja pembe yake imebadilika. Tia alama ya kalamu kwenye shina na nyingine kwenye mdomo wa glasi, zipatane, ili ukiligeuza uweze kulirudisha palepale. Chora mzingo kwa penseli ya 2H kwenye karatasi ya kunakilia, si kwenye karatasi yako nzuri. Vipimo chukua kwa bikari yenye ncha mbili za chuma, uhamishe moja kwa moja bila kukadiria, ukubwa halisi. Kisha pasua ua la pili kwa wembe, kutoka kikonyo hadi mdomo, uchore ndani yake.

Simu itumie kukumbuka mkao na mishipa, na kwa rangi usiitegemee hata kidogo. Kwa mazoezi usiyoombea ruhusa ya mtu, subiri jakaranda. Kati ya Septemba na Novemba maua yake yanaanguka njiani kote Nairobi. Okota yaliyoanguka asubuhi hiyo. Ukipasua mrija utakuta stameni (nyuzi za kiume za ua) nne zenye chavua, na ya tano ambayo ni ndefu kuliko hizo, ina manyoya na haina chavua. Wengi waliochora jakaranda maisha yao yote hawajawahi kuiona.

Nimechora gloriosa kwa wiki nzima. Mwalimu wangu akasema ni picha nzuri, lakini si mchoro wa kibotania. Tofauti ni nini?
*Msomaji, Rongai*

Mchoro wa kibotania unamwezesha mtu ambaye hajauona mmea huo autambue bila kuuchanganya na ndugu zake. Kila kinachotofautisha aina lazima kionekane, na kilichoharibiwa na kiwavi kwenye tawi lako hakina haja ya kuingia, isipokuwa kama unachora tawi lile hasa.

Kwa *Gloriosa superba* angalia mambo manne. Petali sita zimejikunja kuelekea nyuma, ua zima linatazama chini, na kingo za petali zina mawimbi. Stameni ni sita, zimetandazwa kama spoki za gurudumu. Tatu, na hapa ndipo karibu kila mtu hukosea: shingo inayobeba stigma (kichwa kinachopokea chavua) haishuki wima kutoka kwenye ovari (kifuko cha mbegu). Inapinda ghafla pale inapoanzia, ikaelekea pembeni kwa pembe inayokaribia ya mraba. Ukiichora wima, umechora ua lisilokuwepo. Nne, ncha ya jani inaishia kuwa kikono kinachojisokota kwenye mimea jirani. Jani lenye ncha ya kawaida chini ya ua la gloriosa hutoa picha nje mara moja.

Kuna na suala la umri. Ua hili huanza likiwa la kijani, likaingia njano na nyekundu, na nyekundu ikazidi kila siku. Andika ni siku ya ngapi tangu lifunguke. Mkitaka kuonyesha mwenendo wote, choreni tawi lenye maua ya umri tofauti, maana shina moja mara nyingi huyabeba pamoja.

Kipimo usikiandike kama "mara mbili". Picha ikichapishwa ndogo, neno hilo linakuwa uongo. Chora mstari wa sentimita 1 kando ya kila sehemu. Utakua na kusinyaa pamoja na picha. Na unawe mikono: mmea wote una sumu ya kolchisini, kiazi chake hasa. Usiwaachie watoto tawi mezani.

Vitabu vyote vinasema mchoraji akae kwenye dirisha la kaskazini. Chumba changu kina la kusini tu. Nihame?
*Msomaji, Umoja*

Usihame. Vitabu hivyo viliandikwa Ulaya, ambako jua la mchana halifiki kaskazini mwa nyumba, kwa hiyo mwanga wa upande huo ni tulivu. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa Ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua linapita kaskazini mwetu, na dirisha lako la kusini ndilo bora jijini. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua linahamia kusini. Miezi hiyo tundika kitambaa cheupe chembamba dirishani, au chora kabla ya saa nne. Chagua upande mmoja wa mwanga na usiubadilishe hadi picha iishe. Desturi ya wachoraji wa mimea ni mwanga utokee juu kushoto.

Waridi niliyochora miaka minne iliyopita ilikuwa nyekundu iliyoiva. Sasa imekuwa kama maji ya bitiruti. Ilitundikwa mkabala wa dirisha. Nilikosea karatasi au rangi?
*Msomaji, Lang'ata*

Rangi kwanza, ukuta pili. Nyekundu nyingi za kuvutia haziwezi jua. Soma ubavuni mwa tyubu utafute msimbo wa rangi yenyewe, si jina la biashara. PR83, inayoitwa alizarini, imeangusha wachoraji wengi wa waridi. Hupotea hasa ikipakwa nyembamba. PV19 hufanya kazi ileile na hudumu. Seti ya bei rahisi isiyoandikwa msimbo wowote ni ya mazoezi tu. Kabla ya kuamini rangi mpya, paka ukanda, funika nusu kwa karatasi ya foili, uache dirishani miezi mitatu, kisha ufunue. Mstari ukionekana katikati, usiitumie kwa kazi unayotaka ibaki.

Karatasi iwe ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, isiyo na asidi, yenye uso laini. Uso wenye vinundu huvunja mstari mwembamba wa mshipa. Karatasi laini haisamehi kusuguliwa, kwa hiyo kosa lifyonze kwa brashi yenye unyevu, mara moja tu. Kwa ua jeupe usinunue rangi nyeupe: weupe ni karatasi yenyewe, na kivuli ni kijivu chepesi cha bluu ya ultramarini na kahawia nyekundu.

Makumbusho huonyesha picha za rangi za maji kwa mwanga hafifu, kadiri ya luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na baada ya muda huzirudisha stoo. Msomaji atakayekosa kuona picha fulani ya Joy Adamson ukutani asidhani imepotea.

Nilinunua fremu ya mitumba yenye picha ya waridi, imeandikwa P. J. Redouté chini. Muuzaji alisema ni ya asili. Nitajuaje?
*Msomaji, South C*

Pierre-Joseph Redouté alizaliwa mwaka 1759 Saint-Hubert, Ubelgiji ya leo, akafa Paris mwaka 1840. Alimchorea maua Malkia Marie-Antoinette, kisha Joséphine, mke wa Napoleon, aliyekuwa na bustani kubwa pale Malmaison. *Les Roses* ilitoka kati ya 1817 na 1824 ikiwa na picha 169, na picha zake zimenakiliwa mno duniani. Kwa hiyo anza na shaka.

Chukua lenzi inayokuza mara 10 utazame petali. Ukiona vidoti vilivyojipanga kwa safu, vya samawati, waridi kali, njano na nyeusi, hiyo ni nakala ya mashine ya kisasa. Kwenye chapa ya asili utaona vidoti visivyo na mpangilio, vilivyochongwa kwa mkono kwenye bamba la shaba, na kila kidoti kimebeba rangi yake kamili, kwa sababu wino wa rangi mbalimbali ulipakwa kwenye bamba moja kabla ya kila chapa. Baadaye sehemu fulani ziliguswa kwa brashi. Toa picha kwenye fremu, pitisha kidole pembeni: bamba huacha mbonyeo wa mstatili karatasini, ingawa makali ya wauzaji wa zamani wakati mwingine yaliukata. Hata ikiwa nakala, itunze kama kielelezo. Tazama alivyoacha karatasi tupu pale petali linapong'aa, na kingo za jani alivyozichora bila mstari mweusi.

Nataka kuchora maua ya pori. Je, naweza kuyachuma msituni?
*Msomaji, Kikuyu*

Si katika hifadhi za taifa wala misitu ya serikali bila kibali, na kwenye shamba la mtu omba mwenyewe. Mishubiri yote ya pori na okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa pori walio hatarini, kwa hiyo hata kipande usivuke nacho mpaka. Kuna mimea yenye makazi finyu mno, kama urujuani wa Afrika wa vilima vya Taita, *Streptocarpus teitensis*, ambao porini unaishi huko tu. Mmea kama huo uchorwe ukiwa umesimama palepale, hata kama itakubidi ulale kifudifudi.

Ukiwa na ruhusa, chukua tawi la pili ulikaushe liwe shahidi wa mchoro wako. Litandaze ndani ya gazeti, jani moja likiwa limegeuzwa ili mgongo wake uonekane, bana kati ya mbao mbili kwa kamba, na ubadilishe gazeti kila siku. Wiki moja inatosha kwa mimea mingi. Usipobadilisha, ukungu utaanzia kwenye ua. Mmea wenye majimaji kama mshubiri upasue kwa urefu kwanza, la sivyo utaendelea kuishi ndani ya gazeti kwa wiki kadhaa.

Hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani, Tanzania, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950, iko katika eneo lilelile la Makumbusho, na vielelezo vyake vinafikia takriban milioni moja. Omba miadi kabla ya kwenda na tawi lako kutambuliwa, na uwe na lebo: mahali, tarehe, mwinuko kwa mita, urefu wa mmea, udongo, harufu kama ipo, na rangi ya ua likiwa bichi, pamoja na namba ya rangi hiyo kwenye chati yako. Mpe kila mmea namba moja, uiandike kwenye lebo, kisha namba hiyohiyo uiandike kwa penseli nyuma ya mchoro.